Chakula cha mchana shuleni: mwongozo kamili kwa kamati za shule za msingi Dar es Salaam

Shule nyingi za msingi za serikali hapa Dar zimewahi kuanzisha chakula kikaishia njiani. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni kwamba wazazi hawachangi. Nimekaa kwenye kamati ya shule na ninaona mambo huharibika kabla ya hapo. Mzazi anachanga Januari kwa moyo mmoja. Machi mtoto anarudi nyumbani na njaa, anasimulia kwamba leo makande yalikuwa maji matupu, na hakuna ubao wala karatasi inayomwonyesha mzazi huyo kilo ngapi zilinunuliwa na ngapi zilipikwa. Aprili haleti tena, na mwenzake akimwona naye anaacha.

Kwa hiyo mwongozo huu umeegemea zaidi kwenye mizani na daftari kuliko kwenye mapishi. Wapishi wazuri Dar tunao kila mtaa. Tunachokosa ni utaratibu unaomfanya mzazi wa Mbagala au Tandale aamini kwamba shilingi yake imeingia kwenye sahani ya mwanawe.

Hatua ya 1: Jua unalisha nani, na saa ngapi

Usianze na menyu. Anza na orodha ya wanafunzi, darasa kwa darasa, halafu angalia ratiba. Shule nyingi za jijini zina mikondo miwili: wa asubuhi unatoka mchana, wa mchana unaingia. Watu wengi huona hilo ni kikwazo, kumbe ndiyo nafasi yenyewe. Ukiivisha chakula kimoja kabla ya saa sita, mkondo wa asubuhi unakula ndipo unatoka, na mkondo wa mchana unakula ndipo unaingia darasani. Ni mpiko mmoja, sufuria zilezile, wapishi walewale. Mtoto wa asubuhi haondoki na njaa kwenda kubanana kwenye daladala, na wa mchana haanzi hesabu tumbo likiwa tupu.

Kama uwezo ni wa mlo mmoja tu, chagua mchana ulio kamili badala ya uji mwepesi saa nne na makande hafifu saa sita. Hapo kuna wanaonipinga, hasa walimu wa awali na darasa la kwanza, na wana hoja: mtoto wa miaka mitano hawezi kusubiri. Basi madarasa hayo mawili wapikieni uji, waliobaki wasubiri mlo mmoja wa uhakika.

Mkiwa bado kwenye hatua hii, nendeni kwa Afisa Lishe wa halmashauri yenu, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Upo mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi. Ombeni nakala, na mwombeni afisa huyo awepo kwenye kikao cha wazazi. Mtu wa nje mwenye taaluma akisema "gramu arobaini za maharage" husikilizwa kuliko mwenyekiti wa kamati.

Hatua ya 2: Kikao cha wazazi, hesabu ikiwa mezani

Tangu utaratibu wa elimu bila ada uanze, michango ni jambo nyeti, na ni haki iwe hivyo. Chakula ni makubaliano ya wazazi. Mwalimu mkuu hatozi, na mtoto harudishwi nyumbani wala hanyimwi sahani kwa sababu mzazi wake hakuleta. Hilo liandikwe kwenye muhtasari kabla ya kiwango chochote kutajwa.

Kisha leteni hesabu ya mtoto mmoja, mlo mmoja. Tuchukue makande. Mtoto wa shule ya msingi apewe mahindi gramu 100, maharage gramu 40, mafuta mililita 7 na chumvi gramu 2, pamoja na kitunguu, nyanya na karoti. Mlo huo unampa takriban kilokalori 550, karibu theluthi ya mahitaji ya siku ya mtoto wa miaka minane hadi kumi.

Sasa weka bei. Hizi zangu ni za mfano tu, ninyi wekeni za sokoni asubuhi ya wiki ya kikao. Tuseme mahindi ni shilingi 1,000 kwa kilo, maharage 3,000, mafuta 6,000 kwa lita. Mahindi ya mtoto mmoja yatakuwa shilingi 100, maharage 120, mafuta 42, viungo na chumvi kama 50. Jumla 312. Ongeza nishati 40 na posho ya wapishi 50, unafika 402. Weka akiba ya asilimia kumi kwa ajili ya bei kupanda, unapata takriban 442. Sema 450. Kwa siku 22 za masomo ni shilingi 9,900 kwa mwezi.

Kuna swali ambalo vikao vingi hulikwepa: wasio na uwezo je? Msiliache hewani. Shule ina watoto 800, na mnajua wazi kwamba 100 wazazi wao hawataweza. Gharama yote ya mwezi ni 7,920,000. Igawanye kwa wazazi 700, kila mmoja atoe kama 11,300. Waambieni wazazi waziwazi kwamba hiyo 1,400 ya ziada ni ya mtoto wa jirani, wakubali au wakatae kwa kunyoosha mikono. Ninaamini Waswahili tukiambiwa ukweli tunachangia. Kinachotukera ni kugundua baadaye. Wakikataa, tafuteni duka kubwa, msikiti, kanisa au kiwanda cha jirani wachukue hao mia moja, na sehemu ya mchango wao iwe gunia la maharage badala ya fedha, maana gunia halipotei njiani.

Majina ya wasiolipa yasijulikane kwa watoto. Hakuna kadi za rangi tofauti wala foleni ya pembeni.

Fedha ziingie benki kwenye akaunti ya shule. Mwalimu wa darasa asikusanye noti mkononi, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Mnamtwisha mzigo usio wake.

Hatua ya 3: Menyu ya wiki inayofuata msimu

Makundi ya chakula tunayofundishwa ni sita: nafaka, mizizi na ndizi; mikunde, karanga na mbegu; nyama, samaki, mayai na maziwa; mboga; matunda; na mafuta. Kuyapata yote kila siku kwa shilingi 450 haiwezekani, na asije mtu kuwaahidi. Yatimizeni kwa wiki.

Jumatatu iwe makande. Jumanne ugali wa dona, maharage na mchicha. Jumatano wali na kunde za nazi. Huku pwani nazi ndiyo mafuta yetu, na kunde na choroko hupatikana kutoka mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara. Alhamisi ugali na dagaa waliopikwa na nyanya, pamoja na matembele. Ijumaa makande tena, au viazi vitamu na maharage vikiwa vimeshuka bei. Matunda mara mbili kwa wiki, kipande kimoja kinatosha.

Dagaa ndio ninaowapigia debe kuliko vyote. Gramu kumi za dagaa wakavu kwa mtoto ni kilo nane kwa shule ya watoto 800, na humo mna madini chuma, kalisi na protini ambayo mtoto huyu pengine haipati nyumbani hadi sikukuu. Watoto wengi hulalamikia uchungu na mchanga. Uchungu unapungua mkitoa vichwa na kuwakaanga kidogo kabla ya kuweka nyanya. Mchanga ni suala la ununuzi: ulizeni dagaa walioanikwa kwenye chanja, si chini. Tieni mkono ndani ya gunia hadi chini, msiridhike na wa juu.

Siku ya maharage na mboga ndiyo siku nzuri ya kutoa chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini chuma yaliyo kwenye mikunde na majani. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo msiwape chai pamoja na mlo.

Msimu ndio utawaokoa kwenye bei. Machungwa ya Muheza na ya Mkuranga hujaa katikati ya mwaka. Mwisho wa mwaka na Januari ni maembe, na nanasi za Kiwangwa. Papai na ndizi zipo karibu mwaka mzima. Masika mchicha hupanda bei kwa sababu mabonde yamejaa maji. Miezi hiyo hamieni kwenye matembele na kisamvu, ila kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, kisipikwe kama mchicha wa dakika tano.

Kuhusu uji wa madarasa ya chini: achaneni na unga wa "nafaka kumi" unaouzwa kama dawa. Sehemu tatu za mahindi, mtama au ulezi na sehemu moja ya soya iliyokaangwa vizuri zinatosha. Karanga zisisagwe humo ndani kwa ajili ya kuwekwa stoo, kwani mafuta yake huchacha na hatari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaongezeka. Zitwangwe siku hiyohiyo na kukorogwa kwenye uji.

Hatua ya 4: Kununua karibu, na kununua kwa kilo

Nafaka na maharage mtazipata Tandale na Manzese, ndizi Mabibo, mboga na matunda Ilala, Buguruni, Temeke Stereo au Tandika, dagaa wa baharini Feri. Lakini soko lisiwe jibu la kwanza. Kuna vikundi vya wakulima Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo, na hata ndani ya jiji, Chanika, Bunju na Kigamboni, wanaolima mboga, muhogo na kunde na kulia kila siku kwamba dalali anawapunja. Shule ya watoto 800 inayohitaji kilo 70 za mboga kila Jumanne na Alhamisi ni mteja ambaye kikundi kama hicho hakijawahi kumpata.

Ugumu upo kwenye karatasi. Manunuzi ya umma yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na kikundi cha akina mama kisichosajiliwa hakiwezi kuomba zabuni. Hapo kamati iwe na subira ya mwaka mmoja. Mwombeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akisaidie kikundi kusajiliwa na kujiunga. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na halmashauri zina mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoonyesha kwamba kina soko la uhakika shuleni kina hoja nzito ya kukopeshwa.

Mboga zinatoka bonde gani? Ulizeni, na mkipata nafasi nendeni mkaone. Mto Msimbazi unapokea maji taka ya viwanda na ya makazi, na mchicha unaomwagiliwa kwa maji hayo unapendeza macho lakini si wa kumpa mtoto. Kuosha kunaondoa tope na baadhi ya vijidudu, hakuondoi madini mazito yaliyokwisha kuingia kwenye jani. Nunueni kwa mkulima anayetumia kisima safi au bomba, hata akizidisha kidogo bei.

Nafaka msinunue kwa gunia la macho. Lumbesa imekatazwa, na hata gunia la kawaida halina kilo zilezile kila siku. Kila kitu kipimwe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Shule iwe na mizani yake ya kilo 100 na ndogo ya jikoni. Kama kuna mfadhili anayeuliza anunue nini, mwambieni mizani kabla ya sufuria.

Kisha jaribio la chumvi, ambalo halina gharama. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi hayo bado yana unyevu, zaidi ya asilimia 15. Yarudisheni. Chumvi isipoganda, yamekauka vya kutosha kuanza kuzungumza bei. Kwa stoo inayokaa muda mrefu tafuteni kipima unyevu cha afisa kilimo, isizidi asilimia 13.5. Hili si la kuchukulia poa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kunyauka zichambuliwe zitolewe, msisage na kusema "moto utaua".

Mafuta yawe yaliyoongezwa vitamini A na chumvi iwe na madini joto. Soma kifungashio, tafuta alama ya ubora ya TBS. Mafuta ya kupimiwa kwenye chupa za maji yasiingie shuleni.

Hatua ya 5: Stoo

Hewa ya Dar ni ya unyevu, na stoo nyingi za shule ni darasa la zamani lenye sakafu inayotoa majimaji. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta kwa nafasi ya kupita mtu. Maharage yanayokaa zaidi ya mwezi yawe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu, ili wadudu wafe bila dawa. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza.

Mimi ni mtu wa dona, maana kiini na pumba ndizo zenye sehemu kubwa ya madini na vitamini. Lakini dona ina mafuta ya kiini na huchacha upesi. Sageni ya wiki mbili tu kwa wakati mmoja. Kama kinu kiko mbali na mnalazimika kuweka unga wa mwezi, basi nunueni sembe iliyoongezwa virutubishi kuliko kuwapikia watoto dona iliyoanza kunuka.

Mlango uwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula, mwingine kwa mzazi wa kamati. Kila asubuhi wote wawili wapo, wanapima, wanaandika, wanasaini.

Hatua ya 6: Jiko

Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, kwa hiyo msijenge jiko jipya la mafiga. Kuna gesi ya mitungi, kuna majiko banifu yanayotumia mkaa mbadala kama Rafiki Briquettes wa STAMICO, shirika la madini la taifa, na kuna umeme kwa shule ndogo. Kwa maharage na mahindi, kazi kubwa ya kupunguza gharama hufanyika jana yake jioni: kuloweka. Loweka kuanzia saa kumi jioni hadi alfajiri, mwaga maji hayo, weka mapya. Muda wa moto unapungua sana, na virutubishi vinanyonywa vizuri zaidi. Maharage yachemke kwa nguvu tangu mwanzo, yasiachwe yakitokota kwenye moto hafifu tu.

Kwa watoto 800 wa makande mtahitaji kilo 80 za mahindi, kilo 32 za maharage na lita 5.6 za mafuta. Vikiiva vinafika karibu kilo 300, yaani sufuria mbili za lita 200, zikiwa na nafasi ya kugeuza kwa mwiko.

Wapishi wapatikane mtaani, akina mama lishe ambao tayari wanapikia watu wengi. Wapimwe afya kila baada ya miezi sita, na bwana afya wa kata apite bila kutoa taarifa. Posho yao ilipwe kwa wakati. Mpishi anayedaiwa kodi ya chumba na hajalipwa miezi miwili, mnamweka karibu na lita tano za mafuta kila siku. Si haki kwake wala kwa watoto.

Mboga zioshwe kwanza ndipo zikatwe, ziingie sufuriani mwisho, na mafuta kidogo yawemo, kwani vitamini A ya majani hainyonywi vizuri na mwili bila mafuta.

Hatua ya 7: Kugawa

Upawa mmoja wenye ujazo unaojulikana, kwa madarasa yote ya umri mmoja. Mkishapima mara moja kwa mizani kwamba upawa uliojaa ni gramu 350 za makande, chora alama na msibadilishe. Awali na darasa la kwanza wapewe upawa mdogo na waanze wao, wasisukumwe na wa darasa la saba.

Maji ya kunawa yawe mengi kuliko mnavyodhani. Ndoo moja ya bomba kwa watoto mia moja inazaa foleni, na foleni inazaa mikono isiyonawa. Vibuyu chirizi vya madumu, kumi na sita kwenye kamba moja ndefu, vinafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Chakula kilichoiva kisikae zaidi ya masaa mawili. Kikibidi kuusubiri mkondo wa mchana, kibaki kimefunikwa na kikiwa cha moto. Wekeni sahani moja ya kila mlo kwenye friji kwa siku mbili au tatu, ili mtoto akiugua bwana afya awe na cha kupima.

Ramadhani hesabu inabadilika. Watoto wa madarasa ya juu wengi wanafunga, wadogo hawafungi, na wasio Waislamu wapo. Kila mwalimu alete idadi ya wanaokula siku hiyo kabla ya saa mbili asubuhi, mpime kwa idadi hiyo. Kiasi kilichookolewa kibebwe kwenye daftari hadi mwezi unaofuata, wazazi wakikiona.

Hatua ya 8: Ubao wa getini

Kila Ijumaa mchana ubao uandikwe upya, kwa chaki, mahali ambapo mzazi anayempokea mtoto anausoma bila kuingia ofisini: fedha zilizoingia wiki hii, kilo zilizonunuliwa na bei, kilo zilizopikwa, watoto waliokula, kilo zilizobaki stoo. Mistari mitano. Mzazi yeyote akitaka kupima gunia lililobaki, mfungulieni apime.

Na fedha zikipungua, maana kuna miezi zitapungua, Januari ya sare hasa, kamati ipunguze siku na isipunguze kipimo. Bora siku tatu za chakula kizito kuliko siku tano za maji yenye punje. Anzeni kwa kuondoa wali, halafu matunda yaliyo nje ya msimu. Maharage, dagaa na mafuta yaguswe mwisho kabisa. Siku zilizofutwa ziandikwe kwenye ubao huohuo kabla hazijafika, ili mama ajue kwamba kesho anapaswa kumfungia mtoto muhogo wa kuchemsha kwenye begi.